Kidonge cha Pili

9 Januari

Sisimizi wangu,

Najua barua yako itaanza na shikamoo, kwa hiyo marahaba mapema, na marahaba nyingine kwa ile uliyoisahau mwezi uliopita. Huku sote wazima. Baba yako mdogo anakusalimu, yaani ningemwamsha angekusalimu. Tangu astaafu ulinzi amekuwa mtu wa kulala tu, nami nimemwacha, maana alikesha miaka mingi akilinda mali za watu.

Barua hii nampa dereva wa unga kama kawaida yetu. Habari za simu usinianzie. Mashine ya kukandia imenila sikio la kulia na sasa inatafuta la kushoto, na kwenye simu watu wanasema haloo, haloo, mpaka salio linakwisha hujaambiwa kitu. Karatasi naisoma mara nne nikitaka.

Tanuri la nyuma limepasuka tofali. Fundi alikuja, akalizunguka, akatikisa kichwa kama yuko msibani, akaondoka. Nalitumia hivyo hivyo. Shule iliyo ng'ambo ya barabara bado inachukua mikate yangu yote ya asubuhi, na mwalimu mkuu bado anaiminya kabla ya kuipokea, kana kwamba siku moja atakuta jiwe.

Lile joto langu la ghafla la mwaka jana, la kunipanda mpaka shingoni, limetulia. Vidonge vya daktari vimefanya kazi. Kwa mtu wa mikate ule ni mtihani, hujui joto lipi la tanuri na lipi lako. Nilikuwa namgombeza baba yako mdogo afunge mlango wa tanuri, kumbe mlango umefungwa na yeye hata jikoni hayumo.

Nimeshona aproni mbili nyeusi. Zile nyeupe nimeziweka kabatini.

Mkwe wangu bado ananing'inia kwenye mashimo ya lifti? Mwambie ashike kamba vizuri. Na yale mengine sikuulizi. Yakiwepo utaniambia.

Mama yako mdogo


2 Februari

Mama mdogo, shikamoo,

Hiyo ni moja. Na hii hapa ya mwezi ule: shikamoo.

Barua yako imechelewa kwa sababu lori lilikuwa gereji. Dereva aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyevunjika springi. Alinikuta kazini, akachungulia chumba chetu, akanusa ile dawa ya kuhifadhia vipande vya watu, akasema anashukuru Mungu kwa kumpa kazi ya unga.

Unapenda nikusimulie kazi, basi nakusimulia. Chumba chetu kiko chini kabisa ya hospitali, madirisha yako juu karibu na dari, tunaona viatu vya wapitaji tu. Daktari huko juu akikata kipande cha tishu kwa mgonjwa, kinashuka kwetu kwenye kichupa. Tunakikausha maji, tunakizamisha kwenye nta ya moto, nta ikiganda tunakuwa na tofali dogo lenye kipande cha mtu ndani. Hapo naanza mimi. Nalikata kwa mashine, vipande vyembamba mno, vinatoka kama utepe, naviweka vielee juu ya maji ya uvuguvugu, navipokea kwa kioo, navipaka rangi ya waridi na ya zambarau. Kisha daktari wetu wa tishu anaweka kioo chini ya hadubini na kusema mtu huyu ana nini.

Wenzangu wananiuliza mkono huu mtulivu nimeutoa wapi. Nawaambia nimelelewa na mwoka mikate. Unakumbuka ule mwaka unga ulipoadimika? Ulikuwa unanikatia mkate mwembamba, unauinua mbele ya taa, unasema, "Tazama Sisimizi, unamwona baba yako mdogo kupitia humu?" Nilikuwa nakula nikicheka, sikujua kuwa mnanipunguzia.

Mume wangu mzima, anashika kamba. Ya kwetu mengine ni ya kawaida.

Lakini Mama mdogo, aproni nyeusi? Unga ni mweupe. Tangu nikiwa mtoto unasema mwokaji safi huonekana kwa aproni nyeupe. Nieleze.

Sisimizi


20 Februari

Sisimizi,

Marahaba. Umeanza upelelezi lini? Nyeusi haili sabuni. Hayo ndiyo maelezo, na mpelelezi aridhike.

Habari za hapa: tanuri limeongeza ufa. Baba yako mdogo ameamua kujifunza kupika chai, ameunguza sufuria mbili, chai bado hatujaiona. Mwalimu mkuu ameminya mkate mpaka akaubonyeza kabisa, nikamwambia huo ameshaununua.

Kuna mteja wangu mmoja, mwanamke wa umri wangu, ana swali, nikamwambia nitamuulizia kwako. Yeye alikoma hedhi miaka kadhaa iliyopita, likamshika joto kama langu, daktari akampa vidonge aina mbili. Cheupe kila siku, na cha manjano usiku, baadhi ya siku za mwezi. Cheupe kilimtoa joto lote. Hicho cha manjano kikawa kinamlaza kama gogo, anapitiliza saa ya kuamka, kazi inaharibika. Akaona, kama cha kwanza kimemaliza shida, cha pili ni cha nini? Akakiacha. Dukani akawa ananunua cheupe tu kila kikiisha.

Sasa amekaa miezi mingi vizuri, halafu hedhi imemrudia. Si kila mwezi, inakuja inavyotaka. Anacheka, anasema labda amerudi usichana. Anauliza tu kama ni jambo la kawaida. Hana haraka ya jibu.

Mkate wa leo umetoka vizuri sana, nilitamani ungekuwa karibu.

Mama yako mdogo


8 Machi

Mama mdogo, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na jibu naliandika kabla dereva hajamaliza kushusha magunia yake huku mjini. Nisamehe mwandiko.

Mwambie mteja wako si jambo la kawaida. Mwanamke aliyekoma hedhi akitoka damu, hata tone, anakwenda hospitali. Hangoji mwezi uishe.

Na mwambie kwa nini, maana namjua, bila kuelezwa haendi mahali. Ndani ya mji wa mimba kuna utando, kama bitana ya koti. Kidonge cheupe kina homoni ya kwanza, estrojeni. Hiyo ikifika kwenye utando inaziamuru seli zigawanyike. Naziona mwenyewe. Seli inakusanya nyuzi zake nyeusi, nyuzi zinajipanga katikati, zinavutwa huku na huku, ukuta unajengwa kati, na pale palipokuwa na moja zipo mbili. Ni kitu kizuri kukitazama, sijawahi kukichoka. Cha manjano kina homoni ya pili, projesteroni. Yenyewe inakuja kusema basi, inatosha, acheni kuongezeka, sasa komaeni. Seli zinaacha kugawanyika na kuanza kazi ya kumwandalia mtoto mahali. Mtoto asipokuja, homoni zote mbili zinashuka, utando unamwagika, mwezi mwingine unaanza upya. Mwanamke aliyekoma hedhi mwili wake umepunguza zote mbili. Ukimrudishia ya kwanza, lazima na ya pili iwepo kuilinda bitana.

Mteja wako anajua hamira. Unga wenye hamira unaumuka, na kinachouzuia usiendelee kuumuka ni moto wa tanuri. Bila moto unaumuka tu, unajaa, unapanda ukingo wa beseni na kumwagika mezani. Amekuwa akiweka hamira kila siku, miezi yote hiyo, na tanuri hajaliwasha. Hiyo damu ni utando uliojaa ukaanza kubomoka wenyewe.

Pengine ni hilo tu, na dawa yake ni rahisi. Ila seli zinazogawanyika bila kupumzika kuna siku zinakosea, na kosa lenyewe likigawanyika yanakuwa makosa mawili. Likiachwa, saratani inaanzia hapo. Ndiyo maana inabidi kipande kidogo kitolewe na kutazamwa.

Na mwambie hivi pia. Katika mji wenu wote, mtu ambaye kazi yake inaharibika kwa kupitiliza usingizi mpaka jogoo awike, mimi namjua mmoja tu. Mwambie nampenda. Mwambie avue hiyo aproni nyeusi aende hospitali.

Sisimizi


5 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Dereva amepita mara mbili bila kitu. Anasema duka liko wazi, mikate ipo, na ulimwambia huna barua. Nikamuuliza unaonekanaje, akasema unaonekana kama mtu wa mikate. Dereva huyu!

Sikusema vile ili nikutie aibu. Usinijibu kwa maneno kama hutaki. Tuma karatasi tupu, nijue umeshika kalamu.

Sisimizi


27 Aprili

Sisimizi wangu,

Marahaba. Karatasi si tupu, ona.

Nilikasirika. Mtu anakuja na mteja wake wa kubuni, kwa adabu zake, nawe unamvua nguo mchana kweupe! Nilikasirika wiki nzima, nikaandika barua nne nikazitupa tanurini. Baba yako mdogo akaniuliza kwa nini mikate inanuka karatasi. Wiki ya pili hasira ziliisha nikabaki na woga, na woga hauandikiki.

Naam, ni mimi. Ulitaka nifanye nini? Usiku wa kwanza wa kile cha manjano nililala mpaka jua likaniingia machoni, unga ukaumuka ukashuka kama ngozi ya mzee, shule ikakaa bila mkate. Usiku wa pili niliamka, nikawasha, nikasinzia kwenye kiti, nikatoa makaa badala ya mikate. Nimeoka miaka yangu yote sijawahi kutoa makaa. Daktari aliniambia kimeze usiku, hakuniuliza usiku wangu unaishia saa ngapi. Mimi nami sikumwambia. Niliona ni kidonge cha kusindikiza tu, kama vile wanavyokupa vitamini.

Sasa sikiliza kwa nini sijaenda. Siogopi sindano, wala huo mrija wanaosema wanapitisha. Hospitali yetu hapa haina chumba kama chako. Wanachotoa kwa mtu wanakipeleka mjini, na mjini ni kwako. Ninachokiogopa, kama kipo, wewe ndiye utakayekishika kwanza. Mama yako alipotuachia wewe, ulikuwa unafika hapa kwenye meza, unaokota chembe za mkate kwa kidole, ndiyo maana nikakuita jina hilo. Nilijiapiza sitakupa jambo zito kulibeba mpaka nizeeke sana. Halafu nikupe hili, tena kwenye kichupa? Siwezi.

Na jambo jingine, kwa kuwa umenivua nami nakuvua. Kila nikikuuliza ya nyumbani kwako unaandika "ya kawaida." Barua yenye kurasa mbili za nta na rangi ya zambarau, na ya mume mstari mmoja. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Sisimizi. Unajua mambo ya utando na homoni kuliko anavyohitaji mtu wa kukata. Niambie la kwako na mimi nitakwenda. Hiyo ndiyo bei, na sipunguzi.

Mama yako mdogo


11 Mei

Mama mdogo, shikamoo,

Bei yako ni kubwa lakini nalipa.

Tunatafuta mtoto, mwaka wa tatu huu. Mayai yangu yalitolewa na kuunganishwa na mbegu za mume wangu maabara, nje ya mwili. Yakawa yanagawanyika vizuri, moja mbili, mbili nne, nimeonyeshwa kwenye picha. Yamegandishwa, yananingoja. Shida ni mahali pa kuyaweka. Utando wangu haukui. Wananipa estrojeni, kidonge kile kile cheupe unachomeza wewe, halafu wananipima, na kila mara daktari anakaa kimya kwanza kabla ya kusema bado mwembamba. Mara mbili walijaribu kuweka moja hivyo hivyo. Mara zote mbili halikushika.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kuniuliza. Ulivyokuwa unaandika "sikuulizi," nilijua bado unasubiri, na nilipenda kuwe na mtu anayesubiri pamoja nami bila kujua kwamba tumeshindwa mara mbili. Mume wangu anafika nyumbani na mafuta ya mashine mikononi, ananipikia. Nami nashinda nikikata bitana za wanawake wengine. Nyingine nene, zimejaa seli zinazogawanyika, na siku nyingine Mama mdogo naziangalia kwa wivu. Wivu wa kipande cha tishu cha mgonjwa! Hayo sijawahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Kwako unaumuka umepita kiasi, kwangu hauumuki, na hamira ni ile ile.

Usiogope kunipa la kubeba. Kuna sheria kwetu: mtu hasomi kioo cha ndugu yake. Atasoma daktari wa tishu. Na hicho kichupa sitakipokea kwa mikono mitupu, nitavaa glavu.

Umeahidi. Nenda.

Sisimizi


2 Juni

Sisimizi,

Marahaba. Barua yako nimeilalia chini ya mto, na baba yako mdogo alipouliza nini kinakwaruza nikamwambia ni bili ya umeme. Baadaye nikamsomea. Alikwenda nje, akarudi akasema, "Mwambie mtoto tunasubiri naye." Basi nimekuambia.

Sitaacha kukuuliza. Nitakuuliza kila barua. Umeshindwa mara mbili, haya, mimi nimeharibu mikate mara mbili na bado ni mwokaji.

Nimekwenda. Daktari ni binti mdogo, mashavu yamebonyea kwa wembamba, nilitaka kumwambia akale. Aliniuliza mwenyewe usiku wangu unaishia saa ngapi, nikampenda hapo hapo. Mrija ulivuta kidogo, nikakunja vidole vya miguu, ikaisha. Kile cheupe amenisimamisha mpaka majibu yatoke. Akanipa kichupa na karatasi yake, akasema gari la hospitali ni bovu, nitafute mtu wa kuaminika wa kukifikisha mjini.

Nani mwingine? Nimempa dereva wa unga. Nimekifunga kwenye mfuko, nikakizungushia karatasi yangu ya mikate ili kisigongwe, nikamwambia ni mzigo wako na asiuweke chini ya magunia. Aliuliza ni nini. Nikamwambia ni mimi. Akacheka. Sikucheka.

Kisha nimerudi jikoni nikakanda unga wa kesho, maana nisingejua nifanye nini na mikono.

Mama yako mdogo


14 Juni

Mama mdogo, shikamoo, shikamoo,

Naanza na jibu, salamu zitafuata: si saratani.

Sasa pumua, nami nikusimulie.

Dereva alifika na lile furushi amelishika kwa mikono miwili kifuani. Nilipoona karatasi ya mikate, na ile harufu bado imo, nilivaa glavu kabla ya kulipokea, kama nilivyokuahidi. Nilimwambia daktari wa tishu, huyu ni mama yangu mdogo aliyenilea. Akasema nenda nyumbani, mwingine atashughulika. Nikamwomba kitu kimoja. Kusoma asome yeye, lakini kukata niachiwe mimi. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akasema haya.

Umenikatia mkate utoto wangu wote. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukukatia. Nilikukata vyembamba, Mama mdogo, sijawahi kukata vyembamba vile. Nilikupaka rangi, nikamkabidhi vioo, nikatoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka nikiwa bado na glavu.

Aliniita baadaye. Akasema utando umekua kupita kiasi, tezi zimesongamana, seli zinagawanyika kila pembe. Lakini seli zenyewe bado zina sura zake, hakuna iliyoharibika. Ndilo lile beseni lililofurika, basi. Akaniuliza kama nataka kuona, nikasema sitaki. Halafu nikaona. Ulikuwa wa waridi na zambarau, umejaa vurugu, nikasema kimoyomoyo, huyu hata humu ndani hatulii.

Daktari wako atakupa cha manjano. Sasa ni kila usiku, miezi kadhaa, kisha watatoa kipande kingine kuhakikisha utando umetulia. Kila usiku, Mama mdogo. Utasinzia, ndiyo. Nani ataamka kuwasha tanuri sijui. Sitaki kujua. Nataka kidonge kimezwe.

Sisimizi


30 Agosti

Sisimizi,

Marahaba. Umepata nini, utando bado mwembamba? Nimeuliza, kama nilivyoahidi.

Kidonge nakimeza. Baba yako mdogo ananisimamia na glasi ya maji kama askari, kwani si ndivyo alivyokuwa kazini? Na sasa kaa vizuri nikuambie: yeye ndiye anayeamka. Ndiyo, yule yule. Alisema, "Kukesha ndiyo kazi pekee niliyosomea." Anaamka kiza kikiwa bado kizito, anawasha tanuri, anakata madonge, anaingiza. Wiki ya kwanza tulikula wenyewe alichooka, maana kisingeuzika. Shule niliiambia mkate utakuja mapumzikoni, si asubuhi. Mwalimu mkuu alinuna, kisha akaja kuuminya saa nne. Sasa baba yako mdogo anatoa mkate mzuri, upande mmoja unaungua kidogo kwa ule ufa wa tanuri. Anauita muhuri wake.

Nami nalala. Sikujua watu wanalala hivi. Naamka nasikia harufu ya mkate ambao sijaupika mimi, nalia kidogo, natoka kitandani.

Damu imekata. Aproni bado sijabadilisha, nangoja kipande cha pili.

Mama yako mdogo


19 Oktoba

Mama mdogo, shikamoo,

Umeuliza, nakujibu. Safari hii walibadilisha namna ya kunipa estrojeni, kwa plasta ya kubandika tumboni, na utando ukakua. Daktari alipima, akakaa kimya vile vile, nikajiandaa, kumbe alikuwa anapima tena asiamini. Wameweka yai moja. Limo.

Na sasa wananipa projesteroni ili seli za utando zitulie na kulishika. Ndiyo hiyo hiyo yako. Wewe unaimeza ili kisiote kitu, mimi naitumia ili kiote. Kila usiku nikitumia yangu nawaza wewe na glasi yako ya maji na askari wako.

Tusiseme mengi. Nawe usiniulize katika barua ijayo. Moja tu.

Leteni kipande cha pili. Nimenoa.

Sisimizi


12 Novemba

Mama mdogo,

Shikamoo. Furushi lilifika lina harufu ya mkate ulioungua upande mmoja, nikajua nani kalifunga.

Nimekukata tena. Daktari wa tishu alisoma kwanza, kisha akanipisha kwenye kiti chake. Nikatembea kioo kizima, kona hadi kona, natafuta seli moja inayogawanyika. Sikuipata hata moja. Zote zimetulia, zimekaa kimya, zimefanya zilichoambiwa. Umepona, Mama mdogo. Nilifurahi mpaka nikalia juu ya hadubini ya watu.

Na kwangu zinagawanyika. Walinipima damu, wakarudia. Hazijawahi kulala tangu zimewekwa, usiku na mchana, mbili nne, nne nane. Bado ni mapema sana na lolote linaweza kutokea, najua kuliko wengi. Lakini leo zinagawanyika, na leo nimetaka uwe unasubiri pamoja nami ukiwa unajua.

Tafadhali usimwambie dereva wa unga. Ataitangaza kila kiosko kati yangu na wewe.

Sisimizi


24 Novemba

Sisimizi wangu,

Marahaba, mara mia.

Nilikuwa nimevaa aproni nyeupe barua ilipofika. Nilikuwa nimeitoa kabatini kabla ya kujua majibu, nilichoka tu kungoja. Nimesoma ya kwangu nikakaa. Nimesoma ya kwako nikashindwa kukaa, nikaegemea gunia la unga pale mlangoni nikalia kwa sauti, mpaka baba yako mdogo akatoka jikoni na koleo mkononi. Nikampa barua, akaisoma, naye akaegemea gunia la pili.

Dereva sikumwambia kitu. Alitukuta hivyo, wazee wawili wamejaa unga mpaka nyusi, akavua kofia, akauliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa, nikamwambia, shusha unga.

Mama yako mdogo